Somo la Mwaka Mwingine

"Somo katika Kitabu cha Nabii..." alianza Robo, na kabla hajalitamka jina la nabii mwenyewe akajua kwamba mdomo wake umeyatangulia macho.

Hilo halikuwa somo lake. Tangu Jumatatu alikuwa akilirudiarudia jingine kabisa, lile la mzee aliyemzika mkewe, kisha akamtuma mtumishi nchi ya mbali kumtafutia kijana wake mke. Somo refu, tamu, lina msiba na ngamia na harusi. Alikwisha kuamua wapi atapumua na wapi atashusha sauti. Sasa hapo penye utepe mwekundu, badala ya bi harusi, alikuwapo nabii mwenye hasira, na watu wa misa ya asubuhi walikuwa wamekwisha kukaa, wameweka mikoba yao chini ya mabenchi, wanasubiri.

Mtu mwingine angesema samahani, akafunua ukurasa. Robo hakuweza. Katika miaka tisa ya kusoma kanisani hakuwahi kukwama hata kwenye majina ya wale wafalme wanaovunja ulimi, na alikuwa na kiburi kidogo juu ya jambo hilo. Tuliseme mapema, tusije tukamsingizia utakatifu. Akasoma.

Nabii alikuwa anawasema wafanyabiashara. Kwamba wanaona sikukuu inachelewa kwisha, wana hamu ya kufungua magunia. Kwamba wanapunguza kipimo, wanapandisha bei, wanachezea mizani, na hata makapi ya ngano hawayatupi, wanayauza. Na Mungu anaapa kwamba hatasahau hata moja ya hayo.

Hapa inabidi ujue kwamba Robo ni fundi mizani. Hilo jina lenyewe alipewa na wauza nafaka, kwa jinsi alivyo mfupi na mwembamba, kana kwamba Muumba alimpima kwa jiwe la robo kilo akasema inatosha. Kila mizani ya soko lile imepita mikononi mwake, za saa, za kuning'iniza, za sahani mbili. Na nusu ya watu waliokaa mbele yake asubuhi ile walikuwa wauzaji wa soko hilo hilo, wanaopitia misa kabla ya kwenda kufungua vibanda.

Mama Unga, mwanamke mkubwa anayeuza unga na sukari, aliacha kujipepea. Muuza nyama aliinua uso akaanza kuikagua dari kana kwamba ameombwa kuipaka rangi. Na kwenye benchi la tatu, upande wa kushoto, dada yake Robo aliinamia mikono yake mwenyewe, akabaki hivyo. Huyo ndiye aliyemkausha sauti.

"Neno la Bwana," akamaliza, karibu kwa kunong'ona.

"Tumshukuru Mungu," wakajibu, ingawa sautini hamkuwa na shukrani nyingi.

Injili ilikuwa ya yule mtoza ushuru aliyeitwa akiwa amekaa mezani pake pa kazi, akainuka akafuata. Padre alikuwa kijana bado, wa mwaka wake wa kwanza, na wakati wa somo macho yake yote yalikuwa kwenye karatasi ya mahubiri. Akasimama kwa furaha.

"Ndugu zangu wapendwa," akasema, "kama tulivyosikia katika somo la kwanza, ndoa ni zawadi."

Watu wakatazamana. Padre akaendelea na uchumba na ndoa kwa dakika saba nzima. Muuza nyama aliyateremsha macho kutoka darini, akawa anaitikia kwa kichwa kila neno. Hajawahi kuipenda ndoa kiasi kile.

Nje, Robo hakumaliza ngazi. Mama Unga alimshika mkono.

"Fundi, kama una neno na sisi, si ungekuja kibandani ukatuambia? Kutupiga kijembe mbele ya altare si vizuri."

"Mama, mimi sichagui masomo. Yamepangwa."

"Yamepangwa, sawa. Mbona Padre kahubiri harusi?"

Robo akageuka. Alimtafuta dada yake kwa macho, lakini dada alikwisha kutokea mlango wa pembeni.

Akarudi ndani hadi sakristia, chumba cha mavazi na vitabu vya misa. Mzee wa sakristia, mwenye miaka sabini na ushee, alikuwa anakunja vitambaa vya altare, kimoja kimoja, kwa utaratibu wake.

"Mzee wangu, hebu niambie. Masomo ya siku za kawaida mwaka huu tunasoma ya mwaka wa kwanza au wa pili?"

"Wa kwanza," mzee akajibu bila kufikiri. Hilo kila msomaji analijua. Injili ni ile ile kila mwaka, lakini somo la kwanza lina zamu, mwaka huu hili, mwakani lile, na kitabuni yamepangwa yakifuatana.

"Na utepe uliuweka wapi?"

Mzee akakifungua kitabu, akakipeleka mbali na uso, akakileta karibu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ewe Mama wa Mungu! Nimeuweka wa pili." Akakaa kwenye kiti. "Kurasa zenyewe zimepakana, mwanangu, na macho haya ndiyo hayo. Usimwambie Padre."

"Padre hata hajui, mzee."

"Hajui?"

"Kahubiri harusi."

Mzee akamkodolea macho, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na wote wawili wakacheka wakijiziba midomo, maana kanisani walikuwamo bado watu wa rozari.

Robo alitoka pale mwepesi. Utepe tu! Macho ya mzee na kurasa mbili zilizopakana, basi. Hakuna aliyemsema mtu, nabii alikuwa amepita njia isiyo yake, na mwakani ndipo ingekuwa zamu yake. Wepesi huo ulimfikisha mpaka kwenye lango la soko, ukaishia hapo, kwa sababu kibanda cha dada yake ni cha kwanza ukiingia, na siku ile kilikuwa hakijafunguliwa.

Miezi mitatu nyuma dada alikuja mezani kwake akiwa na jiwe la kilo moja ndani ya mfuko wa nailoni. Ulikuwa msimu mbaya kwake. Mumewe alikuwa amelazwa, na magunia mawili ya maharage yalikuwa yameota ukungu. "Soko zima wanapunguza," alisema, "mimi peke yangu ndiye mjinga wa kilo kamili. Nitolee kidogo tu, mdogo wangu. Nani atajua?" Chini ya kila jiwe la mizani pana kishimo kilichojazwa risasi, ile metali laini na nzito, na hiyo risasi ndiyo inayolifanya jiwe liwe na uzito wake wa haki. Ukiichimbua kidogo, kwa macho kilo inabaki kilo. Robo alijua vyema jibu lilivyopaswa kuwa. Lakini mama yao alifariki yeye akiwa na miaka sita na dada kumi na tano, na dada ndiye aliyeacha shule, akauza maharage juani, akamlisha, akampeleka kwa fundi kujifunza kazi hii hii. Akachukua keekee, akatoboa. Gramu hamsini. Haikuchukua hata dakika kumi.

Na hapa lazima nitaje daftari. Kila alfajiri, kabla ya misa, Robo husoma masomo ya siku na kuandika nusu ukurasa kuhusu alichokiona humo kinachogusa maisha yake. Zamani yalikuwa mambo madogo ya kweli: leo nimemfokea mke wangu kwa sababu ya chai, leo nimemwonea wivu fundi wa mtaa wa pili. Wateja wanaosubiri mizani zao walizoea kumwambia, "Haya, tusomee," naye huwasomea. Tangu siku ya keekee, kurasa zilikuwa zimekuwa nzuri mno. Kulikuwa na bahari ya huruma, bustani ya roho, mwanga wa imani. Mwenyewe humo hakuwamo.

Alipofika kwenye meza yake, muuza nyama alikuwa anamsubiri.

"Fundi, niangalizie hili jiwe. Naona kama limechakaa."

Robo akaligeuza. Kishimo kilikuwa kitupu kabisa, kimekwanguliwa kwa msumari.

"Limechakaa kwa chini tu?"

"Chuma cha siku hizi," muuza nyama akasema, akitazama barabarani.

Baada yake akaja muuza mchele, ambaye jiwe lake, kwa maelezo yake, lilidondoka. Muuza karanga akalaumu kutu. Mmoja alisema watoto walilichezea, na alipoulizwa watoto gani, maana wa kwake wote wamekwisha kuoa, akasema wa jirani. Mpaka saa sita palikuwa na foleni mbele ya meza ya Robo kama ya siku ya chanjo, kila mtu amefunika kitu kwa kitambaa, kila mtu anaona wenzake na kujifanya haoni. Hakuna hata jiwe moja kati ya hayo ambalo Robo alikuwa amelitoboa. Wote waliamini kwamba anawajua, na yeye alikuwa hajui lolote.

Akawasha jiko la mkaa, akayeyusha risasi kwenye upawa mdogo. Akamimina, akaacha ipoe, akakwangua iliyozidi, akapima kwa mawe yake ya shaba ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuyagusa. Alifanya hivyo mara kumi na moja. Kila mwenye jiwe alipoona sahani mbili zimelingana alishusha pumzi, akaondoka akitembea vizuri zaidi ya alivyokuja. Robo aliwaona, na kila mmoja alipoondoka, yeye alizidi kujisikia vibaya.

Mama Unga alikuwa wa mwisho, na jiwe lake lilikuwa zima kabisa.

"Mimi nilitaka uhakika tu," akasema, akijikalia kwenye benchi pamoja na muuza nyama, ambaye alikuwa amerudi na jiwe la pili. "Wewe mwenzetu una raha. Umekaa na mashaba yako, mikono safi. Haya, tusomee ulichoandika leo."

Robo akafungua daftari. Nusu ukurasa kuhusu bi harusi aliyeshuka kwenye ngamia, na upendo unaofuta majonzi. Maneno laini, na mwandiko mzuri. Akaupitia kwa macho, akaona haya hata kufungua kinywa. Akachukua kalamu, akaandika chini yake mistari mitatu, polepole, wenzake wakimtazama. Kisha akasoma.

"Miezi mitatu iliyopita nilitoboa jiwe la mtu nikijua ninachofanya. Tangu hapo nimeandika humu mengi mazuri. Leo nakwenda kulijaza."

Risasi ilichemka kwenye upawa. Muuza nyama akajikuna shingo.

"Jiwe la nani?"

"Mkono ni wangu," Robo akasema. "Hiyo inatosha."

Alitegemea wanyamaze, au wainuke. Jina la fundi mizani ni mali yake yote, na alikuwa ameliweka mezani pale mbele ya watu wawili wasiojua kutunza siri hata ya bei ya chumvi. Mama Unga akakunja uso, kisha akapumua kwa nguvu.

"Afadhali," akasema. "Miezi hii yote ukisoma hilo daftari nilikuwa nasema, huyu kaka amepaa, sisi tumebaki huku chini. Kumbe tuko wote!"

Akaanza kucheka, cheko kubwa la tumbo, na muuza nyama akamfuata, na Robo akahisi kifua chake kinafunguka kidogo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Bado sehemu ngumu ilikuwa mbele yake. Dada aliwahi kumnunia miezi minane kwa sababu ya sufuria. Kwa hili je?

Alasiri aliubeba mkebe wa mawe ya shaba mkono mmoja na jiko lake dogo la mkaa mkono mwingine, akavuka soko. Kibanda kilikuwa kimefunguliwa. Dada alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuinua uso.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunisomea na jioni?"

"Utepe ulikosewa, dada. Mzee wa sakristia aliweka mwaka wa pili."

Hapo akamtazama. "Kwa hiyo halikuwa la leo?"

"Halikuwa la leo."

"Basi halituhusu," dada akasema haraka, akarudi kwenye ungo.

"Hata mimi nilijiambia hivyo hivyo. Nikatembea na wazo hilo mpaka langoni, nikaona umefunga." Akaweka jiko chini, akachutama mbele yake, kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kuomba kitu. "Dada, nimekuja kuchukua lile jiwe. Wewe uliniomba tu. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyejua, na nilikubali kwa kuwa sikujua namna ya kukwambia wewe hapana. Umenilea. Lakini hili nilikukosea kulikubali, na ninaumia."

Dada akachambua maharage mawili, matatu. Akaweka ungo pembeni. Akavuta jiwe kutoka chini ya meza, lakini hakumpa, akalipakata.

"Unajua niliwapunja watu kwa hili siku ngapi?"

"Miezi mitatu."

"Siku sita." Akalipapasa jiwe. "Ya saba akaja yule bibi anayelea wajukuu wanne, anachukua kilo moja kila wiki. Nikampimia. Sahani zikalingana vizuri. Nikaona mkono wangu unaingia guniani, unachota ngumi nzima, unamwongezea. Sikuutuma. Tangu siku hiyo kila anayenunua kilo namwongezea ngumi. Watu wanasema, huyu mama ana mkono wa kutoa. Nakwambia naona haya!"

Robo akamtazama. Akafungua mkebe, akatoa mizani yake ndogo. "Chota hiyo ngumi."

"Ya nini?"

"Chota tu, dada."

Dada akachota, akamwaga sahanini. Robo akapanga mawe madogo ya shaba, akaondoa, akaongeza. Gramu themanini na tano. Alitazama mara mbili, kisha akaketi chini palepale, mgongo kwenye gunia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa ameiba gramu hamsini, na dada alikuwa akirudisha themanini na tano kila kilo, miezi karibu mitatu, na biashara ikimwendea kombo kwa wema.

"Unacheka nini, wewe?" Dada akamrushia punje za maharage. "Nimefilisika hapa!" Lakini naye mdomo ulikuwa unamponyoka, akacheka, akalia, akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Mbona hukunirudishia jiwe mara moja nilijaze?"

"Ningekurudishia vipi? Ungejua nimeona haya, na wewe ungeona haya kwa kunikubalia. Halafu una daftari lako, unawasomea watu, wanakuheshimu. Nikasema acha nimbebee mdogo wangu."

Robo akajifuta machozi. Miezi mitatu alikuwa amemkwepa dada huyu, akipita lango la nyuma, akidhani yeye ndiye anayembeba.

"Na wale wa siku sita?" akauliza mwishowe.

Kicheko kikawaishia. "Nawakumbuka wote," dada akasema. "Wengi wamepata ngumi zao na zaidi. Wawili wamehama. Hao sijui nitawapata wapi."

Hakuna aliyejaribu kulipamba hilo. Kisha Robo akapuliza mkaa, na dada akamshikia jiwe kwa koleo, kishimo kikitazama juu. Risasi iliingia ikang'aa, ikafifia, ikaganda. Alipolikwangua na kulisawazisha, aliweka jiwe la dada sahani moja, na la shaba sahani nyingine. Mizani ikapanda, ikashuka, ikasita, ikatulia katikati. Dada alishusha pumzi ndefu iliyompeperushia majivu usoni, na Robo hakujali. Angeweza kulala hapo hapo juu ya magunia, kwa jinsi mwili wake ulivyolegea.

Mwashi mmoja alisimama mbele ya kibanda, saruji imemkaukia mikononi, akafungua mfuko wake.

"Kilo moja ya maharage, mama. Na haraka, gari langu linaondoka."

Dada akainuka. Akaliweka jiwe upande wake, akamimina maharage upande wa pili, akapunguza punje chache, akaongeza chache, mpaka sahani zikasimama sawasawa. Mwashi hakusogea. Alibaki ameushika mfuko wazi, akitabasamu, kama mtu anayejua kuna kitu bado kinakuja.

Mkono wa dada ulikuwa umekwisha kuzama guniani. Ukatoka umejaa, ukasimama juu ya sahani. Alimtazama mdogo wake, naye Robo akainama akafunga mkebe wake wa shaba, taratibu, kifungo kimoja baada ya kingine. Punje mbili zikamponyoka dada kati ya vidole, zikaanguka, na sahani ikaanza kushuka.